Kilomita 80 za Julai si Kilomita 80 za Januari

Sheria zetu za barabarani hazijui majira. Gari dogo la mtu binafsi huruhusiwa kwenda hadi kilomita 110 kwa saa katika barabara kuu, ilhali matatu, mabasi na malori yamewekewa kikomo cha kilomita 80. Tarakimu hizo ni zile zile mwezi wa Januari, jua linapowaka Gilgil na vumbi kutimka kando ya lami. Na ni zile zile mwezi wa Julai, wakati ambapo dereva anayepita Kimende saa kumi na moja alfajiri hawezi kumwona ng'ombe aliye hatua ishirini mbele yake.

Anayedhani kuwa hili ni jambo dogo na awatazame wachuuzi wa Soko Mjinga, ambao hupanga kabichi, viazi na karoti zao hatua chache tu kutoka kwenye lami. Awatazame pia watoto wa shule wa sehemu za Lari, ambao hutembea kandokando ya barabara hiyo hiyo kabla ya mapambazuko, wamevaa sweta za rangi ya kijivu ambazo ukungu huzimeza mara moja. Katika miaka ya hivi karibuni barabara zetu zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Si wote waliouawa na mwendo wa kasi, wala si wote waliouawa na hali ya hewa, lakini pale mambo hayo mawili yanapokutana hapana dereva hodari.

Kwetu Kenya majira ya baridi hayana kishindo kama yalivyo Ulaya. Hatuna maziwa yaliyoganda wala miti iliyopukutika majani yote. Hata hivyo, kuanzia Juni hadi Agosti pepo za kusini-mashariki hutuletea hewa baridi yenye unyevu, hewa ambayo inapopanda miinuko ya Limuru na Lari hupoa na kugeuka mawingu. Barabara ya Nakuru hutoka Nairobi ikiwa kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, ikapanda hadi kupita mita 2,500, kisha ikateremka kuelekea Naivasha. Kwa hivyo kile ambacho msafiri hukiita ukungu, aghalabu ni wingu lenyewe limekaa juu ya lami, na gari hupita ndani yake kama ndege. Tofauti ni kwamba rubani ana rada, na isitoshe, hakuna trela bovu lililoegeshwa katikati ya anga. Mambo ni yayo hayo huko Timboroa, ambako barabara ya Eldoret hupanda juu zaidi ya Limuru.

Julai ya mwaka uliopita nilipanda matatu alfajiri kutoka Nakuru. Hadi Naivasha safari ilikuwa njema, na baadhi ya abiria walikuwa wamesinzia. Tulipoanza kupanda kuelekea Kinungi ukungu ulitufunika ghafla, waipa zikawa zinafuta kioo bila ya kusaidia kitu, na taa za gari zikawa zinaumulika ukungu wenyewe badala ya barabara. Dereva hakupunguza mwendo. Mama mmoja mzee aliyeketi nyuma yake, kikapu mapajani, akamwambia kwa upole, "Kijana wangu, punguza kidogo. Mimi sioni kitu huko mbele, na sidhani kama wewe unaona." Yule kijana akamjibu kwa adabu kabisa, "Shosho, usiwe na hofu. Gari hili lina kidhibiti mwendo. Haliwezi kupita themanini."

Jibu hilo lilikuwa la kweli, na ndiyo maana limenikaa moyoni hadi leo. Yule kijana hakuwa mlevi wala mvunja sheria. Askari wa trafiki angalimsimamisha asingalimkuta na kosa la mwendo. Kanuni zilizoletwa na hayati John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilituletea mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, na nisieleweke visivyo: zilikuwa miongoni mwa mambo bora yaliyowahi kufanywa katika sekta ya matatu. Lakini kwa miaka mingi sasa kile kilichokusudiwa kuwa kikomo kimegeuka kuwa kibali. Dereva amefundishwa kwamba themanini ni salama. Hakufundishwa kwamba ni salama lini.

Tupige hesabu kidogo, kwani hesabu haina upendeleo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa humeza mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji yapata sekunde moja na nusu tangu aione hatari hadi mguu wake uikanyage breki. Katika muda huo gari limekwisha kwenda mita 33. Kutoka hapo, lami ikiwa kavu na tairi zikiwa nzuri, gari dogo litahitaji mita 36 hivi ili lisimame. Lami ikilowa, mshiko wa tairi hupungua karibu nusu, na hizo mita 36 zikawa 60 na ushei. Jumla ni karibu mita 100, yaani takriban urefu wa uwanja wa kandanda. Dereva wa Kinungi anayeona mita 40 tu mbele yake anaziendea hizo mita 60 nyingine kwa imani. Lori lililosheheni shehena, lenye tairi kipara na breki zilizochoka kwa mteremko, sitalipigia hesabu. Msomaji na alihesabu mwenyewe.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kuwa umbali wa kusimama hauongezeki sambamba na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali ambao breki zinahitaji huongezeka mara nne. Kinyume chake pia ni kweli, nacho ni habari njema: dereva anayeshuka kutoka kilomita 80 hadi 50 kwenye lami iliyolowa atasimama katika mita 45 hivi, ukijumlisha na ule muda wa kushtuka. Kupunguza kilomita 30 humrudishia zaidi ya nusu ya umbali aliokuwa akiuhitaji.

Sasa hebu tuwatazame wenzetu ambao baridi kwao si mgeni. Nina mpwa wangu anayeishi Minnesota, jimbo la Marekani lenye Wakenya wengi na lenye majira ya baridi yasiyo na huruma. Baridi yake ya kwanza huko alinieleza kwamba kilichomshangaza zaidi hakikuwa theluji, bali jinsi barabara nzima ilivyobadilika tabia. Barabara ambayo jana watu walikuwa wakienda maili 65 kwa saa, leo wanakwenda 35, na hakuna anayepiga honi. Malori ya serikali hupita usiku kucha yakisukuma theluji na kumwaga chumvi. Chumvi nayo ina mwisho wake, kwani baridi ikishuka nyuzi 10 hivi chini ya sifuri huchelewa sana kuyeyusha barafu, na hapo dereva hubaki na akili yake tu. Juu ya theluji iliyoshindiliwa, mshiko wa tairi huwa robo hivi ya ule wa lami kavu; juu ya barafu huweza kushuka hata chini ya moja kwa saba. Gari lile lile la kilomita 80, ambalo kwenye lami kavu lilisimama kwa mita 36, likiwa juu ya barafu litateleza mita 250 kabla ya kutulia, iwapo halitakuwa limekutana na kitu njiani.

Mpwa wangu aliniambia jambo jingine. Sheria ya jimbo lile, kama ilivyo katika majimbo mengi ya nchi ile, humtaka dereva aende kwa mwendo unaofaa hali ilivyo, na polisi wanaweza kumshtaki mtu aliyekuwa chini ya kile kikomo kilichoandikwa kwenye bango. Kule, kusema "sikupita kikomo" si kinga.

Mamlaka ya Barabara Kuu ya Marekani hukadiria kuwa mvua nyepesi au theluji nyepesi hupunguza wastani wa mwendo katika barabara kuu kwa asilimia 3 hadi 13. Theluji nzito huupunguza kwa asilimia 5 hadi 40. Mvua kubwa je? Ni asilimia 3 hadi 16 tu. Msomaji na aizingatie tarakimu hiyo ya mwisho, kwa kuwa inatuhusu sisi kuliko zile nyingine. Theluji huogopwa kwa sababu huonekana. Huipaka dunia nzima rangi nyeupe na kumtangazia kila mtu kwamba mambo yamebadilika. Mvua imezoeleka, na mazoea hutuondolea hofu hata pale ambapo mshiko wa tairi umekwisha kupungua nusu. Ikiwa Wamarekani walio na mabango, redio na helikopta hupunguza asilimia chache tu mvua inaponyesha, sembuse sisi.

Mwaka 2005 watafiti wawili, Daniel Eisenberg na Kenneth Warner, walichapisha katika jarida la afya ya umma la Marekani uchunguzi juu ya theluji na ajali katika nchi yao. Waligundua kwamba siku za theluji zilikuwa na ajali nyingi zaidi za kugongana na kuumizana kuliko siku kavu, lakini ajali za vifo zilikuwa chache zaidi. Sababu si muujiza: watu walikuwa wamepunguza mwendo, kwa hivyo waliogongana waligongana polepole wakashuka kulaumiana badala ya kuzikwa. Ila siku moja ilikuwa tofauti na nyingine zote, nayo ni siku ya kwanza ya theluji katika mwaka. Siku hiyo ilikuwa hatari mno, hasa kwa wazee, kwa vile madereva walikuwa bado wanaendesha kwa akili ya siku za jua.

Nasi tuna siku yetu ya kwanza. Ni ile siku mvua ya masika inapoanza kunyesha baada ya miezi ya kiangazi, wakati mafuta, vumbi na vipande vya mpira vilivyokusanyika juu ya lami vinapochanganyika na matone ya kwanza kuwa kama sabuni. Kila dereva mkongwe wa malori anaijua siku hiyo. Hakuna sheria inayoijua.

Ukungu una hila yake ya ziada. Mwaka 1998 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa watu walioketi mbele ya kioo cha kuigiza uendeshaji. Kadiri picha ilivyofifia kama ilivyo katika ukungu, ndivyo walivyojihisi wanakwenda polepole, wakaongeza mwendo bila ya kujijua. Watafiti wengine baadaye walilipinga jambo hilo, wakisema ukungu wa kweli hauko kama ule wa kioo. Wacha wanazuoni wabishane. Mimi nimekwisha kupita Kinungi mara nyingi vya kutosha kujua kwamba jicho lisilo na mti wala nyumba ya kulinganishia haliwezi kuaminiwa kupima mwendo, na kwamba dereva makini huangalia mshale wa mita.

Nchi zilizojua haya hazikungoja kila dereva awe makini. Ujerumani, nchi ambayo sehemu za barabara zake kuu hazina kikomo chochote siku ya jua, ina sheria isiyo na utata: ukungu, theluji au mvua ikimzuia dereva kuona zaidi ya mita 50, haruhusiwi kupita kilomita 50 kwa saa. Msomaji atakumbuka zile hesabu zetu za mita 45. Tarakimu za Wajerumani hazikuokotwa. Ufaransa nayo ina sheria kama hiyo, na zaidi ya hayo hushusha kikomo cha barabara zake kuu kutoka kilomita 130 hadi 110 mvua inaponyesha, bila ya kungoja mtu yeyote abadilishe bango. Finland hushusha kikomo cha barabara zake bora kutoka 120 hadi 100 majira ya baridi yanapoingia, na katika baadhi ya barabara kuna mabango ya umeme yanayobadilika kufuatana na hali ya hewa.

Katika jimbo la Tennessee, Marekani, somo hilo lilinunuliwa kwa bei ghali. Tarehe 11 Desemba 1990, karibu na mji wa Calhoun, ukungu uliifunika barabara kuu na magari 99 yakagongana. Watu 12 walifariki. Miaka michache baadaye sehemu hiyo iliwekewa vipimo vya ukungu na mabango ya kuwapunguzia madereva mwendo, na hata malango ya kuifunga barabara ukungu ukizidi. Ilichukua maiti 12. Sisi tumezika wangapi kati ya Limuru na Mau Summit?

Wapo watakaosema kwamba Kenya si Ulaya na kwamba hapa hakuna theluji. Naam, hakuna, ijapokuwa Septemba 2008 wakazi wa karibu na Nyahururu waliamka wakaona mashamba yamekuwa meupe kwa mvua ya mawe, wengi wakaamini ni theluji, wakacheza nayo. Hoja hiyo ni dhaifu. Ile sheria ya Ujerumani haikutaja theluji pekee. Imetaja ukungu na mvua, na hivyo viwili tunavyo tele.

Wengine watasema sheria ipo. Nao wana ukweli wao. Sheria ya Trafiki, katika vifungu vyake vya uendeshaji wa hatari, hulitaka korti lizingatie mazingira yote ya kosa, pamoja na hali ya barabara na wingi wa magari. Tatizo ni wakati ambapo vifungu hivyo hufunguliwa. Hufunguliwa baada ya mazishi. Kabla ya hapo askari wetu hujificha nyuma ya kichaka na kile chombo chao cha kupimia mwendo, siku ya jua, mahali barabara imenyooka na dereva anaona kilomita nzima. Sijapata kumwona hata mmoja akisimama Kimende kwenye ukungu. Simlaumu kwa kuhofia kugongwa, lakini yafaa wakubwa wake wajiulize chombo kile kinawindia wapi.

Tusimtwike dereva mzigo wote. Yule kijana wa matatu ana hesabu ya kupeleka kwa mwenye gari jioni, na hesabu hiyo haipungui kwa sababu ya ukungu. Akichelewa Nairobi, zamu yake ya kupakia inampita, na safari moja ikipotea, chakula cha wanawe kimepotea. Mfanyabiashara wa nyanya naye anamhimiza, kwa kuwa soko la alfajiri halimngojei mtu. Nasi abiria wengine, tulioamka tumechelewa kazini, huwa wa kwanza kulalamika gari likitambaa. Ndiyo maana naamini kwamba kumwachia mtu mmoja aamue mwenyewe apunguze kiasi gani ni kumwonea. Sheria yenye tarakimu ingempa kitu cha kumwonyesha mwenye gari na cha kumjibu abiria: "Si mimi, ni sheria."

Mwishoni mwa mwaka 2025 ulizinduliwa upanuzi wa barabara ya kutoka Rironi hadi Mau Summit. Ni jambo jema na tumelisubiri mno. Barabara yenye njia zaidi ya moja kila upande itapunguza zile ajali za kugongana uso kwa uso tunapojaribu kulipita lori. Lakini barabara pana hualika mwendo mkubwa, na ukungu hautapanuliwa wala kupunguzwa na mwanakandarasi yeyote. Calhoun ilikuwa barabara pana.

Ombi langu kwa Bunge na kwa Mamlaka ya Uchukuzi na Usalama Barabarani ni sentensi moja tu iongezwe katika sheria, kwamba pale dereva asipoweza kuona zaidi ya mita 50, mwendo wake usizidi kilomita 50 kwa saa. Na kwa wahandisi wa barabara mpya ninalo ombi rahisi zaidi. Wajerumani hupanda nguzo fupi nyeupe kandokando ya barabara zao, zenye vipande vya kurudisha mwanga wa taa, na kutoka nguzo moja hadi nyingine ni mita 50. Dereva akiwa kwenye nguzo moja asiione inayofuata, amekwisha kujua sheria inamtaka aende kwa mwendo gani, bila ya kompyuta wala askari. Nguzo kama hizo zingeweza kutengenezwa kwa saruji na vijana wa Kinungi na Kimende wenyewe. Kilomita moja ya upande mmoja wa barabara inahitaji nguzo 20, na Julai nyingine haiko mbali.